MAFUNZO YA DAKTARI WA RETINA: SISI WA MERTI TUNA NENO



Wako watakaouliza: mafunzo ya madaktari mabingwa yatuhusu nini sisi wapakiaji wa ng'ombe, matingo, wavunja kokoto na walinzi wa Merti? Yatuhusu sana.

Nyuma ya jicho mna utando mwembamba uitwao retina, ndio upokeao mwanga. Mtu akipigwa jiwe au pembe, au akikaa na kisukari miaka mingi, retina yaweza kubanduka kama udongo unavyobanduka ukutani. Huona vimeta, kisha vidoti vyeusi vinavyoelea, kisha kivuli kama pazia. Haiumi, na kwa hiyo mtu hurudi kazini. Kama katikati ya retina bado imeshika, kuna siku chache tu za kuiokoa. Zikipita, hata mpasuaji hodari hawezi kurudisha jicho lilivyokuwa.

Sasa fanyeni hesabu. Kutoka Merti mpaka Isiolo ni kama kilometa 200, na mvua ikinyesha lori hukwama. Kutoka Isiolo mpaka Nairobi ni karibu kilometa 280 zaidi. Wapasuaji wa retina katika Kenya ni wachache, na wengi wao wako Nairobi.

Daktari wa macho wa kawaida hajafundishwa kazi hii. Husoma udaktari miaka sita, halafu ubingwa wa macho miaka kadhaa, kisha huhitaji mwaka mmoja au miwili tena chini ya mpasuaji wa retina, akishika kisu mbele ya mwalimu wake. Wengi wa Afrika wameyafuata mafunzo hayo mpaka India. Tangu 2012 tunacho Chuo cha Madaktari wa Macho cha Afrika ya Mashariki, Kati na Kusini, makao yake Nairobi, na sasa si lazima kila mmoja avuke bahari. Lakini daktari wa kaunti atakwendaje, ikiwa mshahara wake utakatwa akiwa masomoni? Madaktari nao ni wafanya kazi. Waligoma siku 100, kutoka Desemba 2016 hadi Machi 2017, wakidai mkataba wao utimizwe.

Twasema hivi. Afya ni kazi ya kaunti tangu 2013. Isiolo, Marsabit, Samburu na Meru zichange, zimpeleke daktari mmoja, mshahara wake uendelee, naye atie sahihi kurudi kutumika huku. Na mashine ya kukata na kunyonya ute wa jicho inunuliwe kabla hajarudi. Mpasuaji wa retina asiye na mashine hiyo ni dereva asiye na lori. Ataondoka, wala hatutamlaumu.

Wengine wasema tuanze na trakoma na mtoto wa jicho, maana ndiyo yanayowapofusha wengi. Ni neno la haki, wala hatutaki senti moja itolewe huko. Lakini mtoto wa jicho huweza kungoja miezi na bado akapasuliwa vizuri. Retina haingoji.

Hatuombi mpasuaji akae Merti. Twaomba awe karibu, na hapa Merti awepo tabibu aliyefunzwa macho, ajuaye kutambua dalili na kupiga simu siku ileile.

Liko jambo jingine. Aliyepasuliwa huenda akaamriwa alale kifudifudi siku kadhaa, na asiinue mizigo kwa wiki kadhaa. Sheria ya Ajira ya 2007 humpa mgonjwa aliyetumika miezi miwili siku 7 za mshahara kamili na 7 za nusu. Kibarua wa siku hapati hata hizo. Aliyeumia kazini asisahau Sheria ya Mafao ya Majeruhi Kazini, nayo ya 2007: gharama za matibabu ni za mwajiri. Mjulishe mwajiri mapema, na mwenzako aliyeona awe shahidi.

Mwaka wa fedha wa kaunti huanza 1 Julai. Barua yetu ifike Isiolo kabla makadirio hayajapitishwa, na kila mwanachama wa Merti atie sahihi yake au dole gumba.