HABARI ZA PALESTINA ZINA SANAD GANI?



Sifa njema zote zinamstahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.). Ama baada ya hayo, wazazi wetu na wanafunzi wenzetu:

Hapa madrasa tunafundishwa kwamba hadithi haipokelewi kwa uzuri wa maneno yake tu. Kwanza tunauliza sanad yake: nani kaipokea kwa nani? Mpokezi alikuwa mkweli? Lakini tukishavaa viatu na kushika simu, elimu hiyo tunaiacha msikitini.

Wakati wa vita vya Gaza ilizunguka kwenye simu zetu picha ya mtoto aliyefukiwa na kifusi. Tuliisambaza kwa jamaa zetu kutoka Kihonda hadi Mgeta, wengine huku tukilia. Baadaye Ustadh alituonyesha kwamba picha ile ilipigwa Syria, miaka kadhaa nyuma. Mmoja wetu akajitetea: "Si kitu Ustadh, watoto wa Gaza nao wanauawa." Ustadh akamuuliza: "Kwani ukweli wao hautoshi mpaka uuongezee uongo?"

Swali lile lilitunyamazisha, kwa sababu ukweli upo na ni mzito. Tarehe 7 Oktoba 2023 wapiganaji wakiongozwa na Hamas waliingia Israel. Watu wapatao 1,200 waliuawa na wengine 251 wakachukuliwa mateka. Katika vita vilivyofuata, hadi mapigano yaliposimamishwa Oktoba 2025, Wizara ya Afya ya Gaza ilikuwa imehesabu zaidi ya watu 67,000 waliouawa. Anayetuma picha ya uongo anawapa watu sababu ya kuikana hata ile ya kweli.

Vyombo vikubwa vya habari navyo huteleza. Shireen Abu Akleh, mwandishi wa Al Jazeera, alipouawa Jenin tarehe 11 Mei 2022, viongozi wa Israel walisema huenda risasi ilitoka kwa Wapalestina, na kauli hiyo ikatangazwa duniani. Septemba mwaka huohuo jeshi la Israel likakiri kuwa yawezekana sana alipigwa na askari wake. Upande mwingine, mlipuko ulipotokea hospitali ya Al-Ahli, Gaza, Oktoba 2023, magazeti makubwa yaliandika mara moja kauli ya Hamas kwamba ni shambulio la Israel. Baadaye New York Times lilikiri kwamba liliitegemea mno kauli hiyo. Katika Suratul Hujurat, aya ya 6, tumeamrishwa kuchunguza habari kabla ya kuwadhuru watu kwa ujinga. Amri hiyo haikubagua habari inayotupendeza na inayotuchukiza.

Tena lipo jambo linalotugusa nyumbani. Miongoni mwa waliouawa kutokana na shambulio la Oktoba 2023 walikuwemo vijana wawili wa Kitanzania waliokwenda Israel kujifunza kilimo. Mwili wa mmoja ulirudishwa mwaka uleule. Wa pili ulibaki Gaza hadi Novemba 2025. Katika vijana wanaokwenda kwa mafunzo kama hayo wamo waliosoma hapa kwetu, Chuo Kikuu cha Sokoine. Hata hivyo tulimsikia mwenzetu akisema, "Walifuata nini huko?" Na sisi tukanyamaza. Tunakiri kwamba kunyamaza kule kulikuwa kosa. Suratul Maida, aya ya 8, inatukataza kuacha uadilifu kwa sababu ya chuki. Itakuwaje basi tushindwe kuwahurumia watoto wa majirani zetu?

Kuna kasoro nyingine: habari za amani hazina soko. Makubaliano ya Oslo yalipotiwa saini tarehe 13 Septemba 1993, dunia nzima ilionyeshwa Rabin na Arafat wakipeana mikono. Februari 1994 mlowezi wa Kiyahudi akawaua Waislamu 29 wakiswali alfajiri katika Msikiti wa Ibrahim, Hebron. Mashambulizi ya mabomu dhidi ya Waisraeli yakafuata. Novemba 1995 Rabin akauawa na Myahudi mwenzake. Hayo yote yalitangazwa sana. Lakini ni wangapi kati yetu waliosikia kwamba mwaka huohuo wa 1995 ilianzishwa Parents Circle, jumuiya ya wafiwa wa Kiisraeli na Kipalestina? Wazazi waliozika watoto wao hukaa pamoja na kuwaambia wengine kwamba kisasi hakimfufui mtu. Bomu husikika Morogoro siku hiyohiyo. Wafiwa hao miaka yote hawakutufikia.

Hatusemi tusiwe na upande. Mwenye kudhulumiwa ana haki juu yetu, na Wapalestina wamenyimwa nchi yao kwa muda mrefu. Tunasema tuwatetee kwa ushahidi unaosimama.

Basi tunapendekeza kwa wenzetu: kabla ya kutuma habari, tuulize nani kaiona, wapi na lini. Isiyo na jibu isitoke kwenye simu zetu. Tuwaulize na wazazi wetu nyumbani, nao watuulize sisi.

Mwenyezi Mungu awape amani ya haki watu wa nchi ile, na atuhifadhi na ulimi wa haraka. Amin.

Wabillahi tawfiq.