Kibwagizo na Kazi ya Kubwaga

Katika miaka yangu ya kufundisha ushairi sekondari, swali la kibwagizo lilijibiwa kwa namna moja: ni mstari wa mwisho unaorudiwa katika kila ubeti. Jibu hilo ni sahihi na mtihani hulipa alama. Hata hivyo, neno lenyewe linasema zaidi. Kibwagizo ni mtoto wa kitenzi bwaga, nasi hubwaga mzigo, tena hubwaga moyo. Hata kituo, jina jingine la mstari wa mwisho, limetoka katika kutua. Lugha yetu inautazama mwisho wa ubeti kuwa mahali pa kupumzishia bega.

Kwetu pwani ya Kilwa na Lindi, mzigo si tamathali tupu. Katika karne ya 19, njia ya misafara iliyotoka Ziwa Nyasa iliishia Kilwa Kivinje. Pembe za ndovu zilishushwa mabegani, na wengi wa waliofika na misafara hiyo walipakiwa majahazini kwenda kuuzwa Unguja. Mzigo ulitua, mbebaji hakutua.

Ng'ambo ya Atlantiki, wajukuu wa watumwa waliochukuliwa upande mwingine wa bara letu waliunda muziki wa bluzi, kusini mwa Marekani. Ubeti wake wa kawaida una mistari mitatu: wa kwanza hutaja dhiki, wa pili huirudia, wa tatu huijibu. La kuzingatia ni kwamba kila mstari huisha mapema, na nafasi inayobaki huachiwa gitaa. B.B. King, aliyelipa gitaa lake jina la Lucille, aliimba, kisha akanyamaza ili Lucille aitikie. Dhiki haitatuliwi humo. Hutamkwa, ikarudiwa, ikaitikiwa, na mwimbaji akaondoka mwepesi ingawa deni lake lipo palepale.

Muziki wetu wa dansi unaijua kazi hiyo. Mbaraka Mwinshehe, aliyefariki mwaka 1979, alikuwa mwimbaji na mpiga gitaa la solo kwa wakati mmoja, kwanza Morogoro Jazz, baadaye Super Volcano. Wimbo wake mmoja unaitwa kwa neno moja tu, "Shida". Jijini Dar es Salaam, bendi ya Ahmed Kipande ilibeba jina la Kilwa: Kilwa Jazz. Katika dansi, maneno yakishakwisha magitaa huendelea, na msikilizaji hupewa muda wa kukaa na aliyoyasikia.

Muda huo ndio tunaounyima ushairi wetu. Soma mashairi ya majonzi tunayotunga siku hizi: beti tano za uchungu, na kila ubeti unafungwa kwa amri. Subiri. Jikaze. Usilie. Aliyefiwa ameeleza, nasi tumemkatiza kwa nasaha. Hapa pwani mwanamume aliyepotelewa na mwana baharini huambiwa ajikaze kabla matanga hayajaondoka. Akigeukia shairi, nalo likamwambia yaleyale, atautua wapi mzigo wake? Mficha maradhi, kifo humuumbua. Huzuni nayo ni maradhi.

Najua nitajibiwa kwamba shairi la Kiswahili ni chombo cha maadili, na gitaa ni la starehe. Maadili siyapingi, yana beti zake na tenzi zake. Lakini shairi letu tangu asili ni la kuimbwa, na anayeimba anahitaji pumzi. Nasaha ni mzigo mwingine: anayepewa hana budi kuibeba. Kumpa mtu aliyeelemewa ni kumwongezea.

Basi, mtunzi mwenzangu, unapotunga shairi la huzuni, kiimbe kibwagizo chako peke yake mara tatu, polepole, kwa mahadhi uyapendayo, na baada ya kila mara nyamaza kwa muda unaotosha mstari mmoja. Ikiwa kinamwamuru msikilizaji afanye jambo, kiondoe. Ikiwa kinalitaja tu lile linalouma, kwa maneno ambayo hata asiye mshairi angeweza kuyarudia kinywani mwake, kiache. Hapo kitakuwa kimestahili jina lake.