Modo Si Chungu cha Mezani

Ikizuka mada ya picha za mahaba, maneno huwa yaleyale: mwanamke kavua nguo, mwanamume kabonyeza kamera, mnunuzi katoa pesa, mchezo umekwisha. Sizitetei picha zote za aina hiyo. Nyingi ni ovyo, na nyingine ni uonevu mtupu. Ila wanaosema modo hana kazi pale zaidi ya kuwa na umbo, hao nina neno nao, na shahidi wangu ni Bettie Page, Mmarekani aliyezaliwa Nashville, Tennessee, mwaka 1923, ambaye sura yake ilisambaa kila kona ya nchi yake miaka ya 1950.

Dai wanalolipenda zaidi ni kwamba kazi yote ni ya mpiga picha. Modo ni kama chungu kilichowekwa mezani kichorwe. Chungu hakisomei uigizaji. Page aliusomea New York kwa Herbert Berghof, na alipokwenda Florida mwaka 1954 kupigwa picha na Bunny Yeager, alikwenda na vazi la madoa ya chui alilolishona kwa mikono yake. Wakaingia nalo Africa USA, bustani ya wanyama ya Boca Raton, akapiga pozi na duma wawili. (Afrika ya watalii wa Florida, hiyo; sisi wenye Afrika yetu turuhusiwe kucheka kidogo.) Yeager naye alikuwa modo kabla ya kushika kamera, kwa hiyo alijua wakati wa kumpa mwenzake nafasi.

Itazame picha yao iliyotoka katika jarida la Playboy la Januari 1955. Page amepiga magoti kando ya mti wa Krismasi, ameshika pambo, na mwilini hana kitu isipokuwa kofia ya Baba Krismasi. Sasa ziba uso wake kwa kidole. Kinachobaki ni mwanamke mtupu aliyepiga magoti, na kupiga magoti mbele ya anayekutazama si jambo dogo: kuna unyenyekevu pale, hata udhalili. Ondoa kidole. Anakonyeza. Jicho moja limefumba, mdomo umechangamka, na mara picha nzima imegeuka utani ambao yeye ndiye anayeuanzisha. Aliyedhani anamchungulia mtu, kumbe alikuwa anasubiriwa. Mwanga na mpangilio ni wa Yeager, lakini jicho lile si lake.

Wengine hudai kwamba kadiri nguo zinavyopungua ndivyo mahaba yanavyozidi. Kama ni hivyo, Irving Klaw asingepata taabu. Klaw na dada yake Paula waliuza picha kwa njia ya posta kutoka New York, na hawakuwa wakiuza utupu: modo alibaki na nguo zake za ndani, viatu vya kisigino kirefu, mara kamba, mara mjeledi. Wateja waliandika barua kueleza wanachotaka, na Page akaigiza. Kwa Yeager alicheka. Kwa Klaw alikunja uso, akatumbua macho, akajifanya mkali au mwenye kuogopa, tena kwa kutia chumvi waziwazi. Mtu ni yuleyule, umbo ni lilelile. Kilichobadilika ni aliyekusudiwa kuitazama picha na sababu ya kuipiga, na uso ukafuata. Na hizo zenye nguo ndizo zilizofika mbele ya kamati ya Seneti ya Marekani mwaka 1955, chini ya Estes Kefauver, seneta wa Tennessee kwao Page. Page aliitwa, lakini hakutoa ushahidi. Baadaye Klaw aliharibu shehena kubwa ya picha zake. Zilizosalia twamshukuru Paula aliyezificha.

Hapo mbishi atauliza: mbona kuna picha kubwa za utupu zisizo na uso kabisa? Zipo. Maarufu mojawapo ni ile ya Charis Wilson iliyopigwa na mumewe mtarajiwa, Edward Weston, huko California mwaka 1936. Wilson ameketi, magoti yamekunjwa, kichwa kimeinama hadi unachokiona ni utosi. Aliinama, kwa maelezo yake, kwa sababu jua lilikuwa kali. Lakini hata bila uso kuna mtu pale: mikono imeizunguka miguu, mwili umejifunga wenyewe, na hakuna anayekaribishwa. Weston hakukipenda kivuli kilichoangukia mkono wa kulia. Wilson naye hakuupenda mstari wa nywele uliokwenda upande, wala vibanio vilivyoonekana. Modo anayehesabu vibanio vyake hakuwa amelala kazini. Mwaka uliofuata alimsaidia Weston kuandika ombi lililompatia ruzuku ya Guggenheim, ya kwanza kwa mpiga picha.

Dai la mwisho ndilo linaloniudhi: amelipwa, amekubali, basi asilalamike. Alilipwa kwa ajili ya nini? Makubaliano huwa na mipaka, na madhumuni ni sehemu ya mipaka hiyo. Page aliacha kazi mwaka 1957, akaokoka, akatoweka machoni pa watu. Miaka ya 1980 sura yake ilirudi kwenye vitabu vya katuni, mabango na fulana, wengine wakivuna, yeye mwenyewe hapati hata senti. Hakusema anazionea aibu zile picha. Alichotaka ni haki yake, na malipo ya maana alianza kuyaona miaka ya 1990, akiwa bibi wa miaka sabini, baada ya kupata wanasheria na mawakala. Alifariki Desemba 2008.