Ng'ombe haina kosa: muto ndio unaomba kupumzika

Bandugu vijana wa Lubumbashi,

Wengine watatuuliza: sisi watu wa mji, mambo ya ng'ombe yanatuangalia nini? Jibu ni hili: michopo tunakula wote, na maji tunakunywa wote.

Muangalie milima ya Marungu, kule Moba. Leo iko jimbo la Tanganyika, lakini mpaka 2015 tulikuwa Katanga moja. Kule juu, kupita mita 2.000, majani ni mazuri, na ng'ombe zinakula pale tangu wakati wa wakoloni. Kando ya mito kuna misitu myembamba, na ndani yake anaishi chozi mmoja, ndege mdogo ambaye wataalamu wanamwita Cinnyris prigoginei. Hapatikani pengine duniani. Sasa misitu ile inaisha: watu wanakata miti, na kwato za ng'ombe zinabomoa kingo za mito.

Inatokea namna gani? Wakati wa kiangazi majani ya juu yanakauka, ya mtoni yanabaki mabichi. Ng'ombe iko na akili: inashuka, inakunywa, inabakia palepale. Inamaliza miti michanga, inakanyaga udongo mpaka kingo zinaanguka. Muto unapanuka, kina kinapungua. Mama anayechota maji kule chini anapata tope.

Kuna wenye kusema: fukuza wafugaji! Sisi tunakataa. Tanzania walijaribu. Mwaka 2006 serikali ilianza kuondoa wafugaji na mifugo yao bonde la Usangu ili kuokoa muto Ruaha Mkuu. Watu walihamishwa mbali, wengine mpaka Lindi, na muto ukaendelea kukauka kila kiangazi, maana maji mengi yalikuwa yanaingia mashamba ya mpunga. Na sisi Katanga neno hili «fukuza» tunalijua. Tuliliona 1992 na 1993, wakati Wakasai walifukuzwa Likasi na Kolwezi. Hatutaki kulisikia tena.

Dawa ya muto si chuki, ni kalenda. Malisho yagawanywe vipande, kimoja kinaliwa, vingine vinapumzika. Chumvi na mabirika ya maji viwekwe mbali na muto, ng'ombe itavifuata yenyewe. Mtoni pabaki mahali pamoja pa kunywea, pamewekwa mawe. Penye kingo zimebomoka pafungwe mpaka miti ipite urefu wa kinywa cha ng'ombe. Na mchungaji alipwe vizuri, maana yeye njo analinda muto kila siku.

Kwa hiyo tunadai:

Wabunge wa jimbo wachukue sheria ya maji ya 2015, waweke kanuni za malisho kando ya mito ya Haut-Katanga.

Machifu, wafugaji na wakulima wakae pamoja kila mwaka, mbele ya kiangazi kuanza, wapange nani anapita wapi na siku ngapi.

Na bakubwa wa mji wenye maferme kando ya vijito vinavyoshuka ku Kafubu waanze wao. Wasingoje mchungaji maskini awe wa kwanza kubeba adhabu.

Kafubu inaingia Luapula. Tope letu linafika kwa wengine. Tusingoje muto ufe ndiyo tutafute mwenye kosa.

Tuko macho.