Ulevi wa Namba Kubwa

Katika mambo yanayowapotezea fedha vijana wetu wapendao kupiga picha, hakuna linaloniudhi kama ulevi wa namba kubwa. Kijana amekwisha pata kamera, mara nyingi ya mtumba, pamoja na ile lenzi fupi inayouzwa nayo. Baada ya muda anachoka na picha za harusi. Anatamani ndege aliye juu ya mti, swala wa ng'ambo ya bonde, mchezaji wa katikati ya uwanja. Hapo anahitaji lenzi ya zumu, ile inayovuta kitu cha mbali kikaja karibu. Anakwenda dukani, na swali lake la kwanza, ambalo kwa kawaida ndilo la mwisho pia, ni hili: "Inafika ngapi?" Akiambiwa 250, anaguna. Akiambiwa 300, anatabasamu. Akiambiwa 500, anatoa pochi.

Nasema wazi kwamba huko si kuchagua lenzi. Ni sawa na kumchagua mwalimu kwa ukubwa wa sauti yake.

Tuanze na hesabu. Namba hiyo ni urefu wa fokasi wa lenzi kwa milimita. Urefu ukizidi, kitu huonekana kikubwa zaidi pichani. Umbali ukizidi, huonekana kidogo. Kwa hiyo, mdiria aliyetua mita 30 kutoka kwako, ukimpiga kwa lenzi ya 300, atakuwa na ukubwa uleule kama ungempiga kwa lenzi ya 250 ukiwa mita 25. Ugomvi wote huu, basi, ni wa mita 5. Wapo ndege watakaoruka kabla hujapiga hatua ya tatu, sikatai. Lakini wengi humvumilia mtu anayenyata, akasimama, akatulia. Wahenga walikwisha sema kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Sasa tutazame lile ambalo namba hailisemi. Lenzi ndefu hukuza kitu, na pamoja nacho hukuza mtetemo wa mkono wako. Kanuni ya zamani ya wapiga picha inasema kwamba kasi ya shata, kile kilango cha kamera kinachofunguka kuingiza mwanga, isiwe chini ya sekunde moja gawanya kwa urefu wa lenzi. Tena kamera nyingi za bei nafuu zina kihisi kidogo, hivyo urefu huo huzidishwa kwa 1.5 au 1.6. Lenzi ya 300 kwenye kamera ya namna hiyo inadai kiasi cha sekunde 1/500. Saa sita mchana utaipata bila taabu. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, wakati ndege wanapoimba na wanyama wanapotembea, huipati. Lenzi hizi za bei ndogo zina tundu dogo la mwanga, hasa zikivutwa hadi mwisho wake. Matokeo yake ni picha zenye ukungu, na kijana anadhani hana kipaji.

Dawa ya jambo hili ipo, tena si ngeni. Mwaka 1995 Canon walitoa lenzi ya 75-300 yenye kifaa cha kutuliza mtikisiko, ya kwanza ya aina hiyo kwa kamera za kubadilisha lenzi. Kifaa kizuri cha leo hukupa hatua tatu za mwanga: mahali palipodai 1/400, unaweza kupiga kwa 1/50 na picha ikatoka safi, mradi unachopiga kimetulia. Yangeyange akiruka bado atadai 1/1000 au zaidi, maana kifaa hutuliza mkono wako, hakimtulizi ndege.

Pamoja na hayo, lenzi zisizo na kifaa hicho zimeendelea kutengenezwa na kuuzwa. Mwaka 1999 Canon hao hao walitoa 75-300 ya tatu isiyo na kitulizo, na mwaka 2025 wakatoa nyingine ya urefu huo huo kwa kamera zao mpya, nayo haina. Mwaka 2016 Nikon walitoa lenzi mbili za 70-300 za familia ya AF-P DX zinazofanana kama pacha. Moja ina herufi VR, maana yake inatuliza, nyingine haina. Mwenye kuuliza "inafika ngapi?" atajibiwa 300 kwa zote mbili, na jibu litakuwa kweli. Tena lenzi hizo za AF-P hazifanyi kazi na baadhi ya kamera za zamani kama D90. Hilo nalo namba haikwambii.

Kwa mwenye kamera ya Canon ya kioo yenye kihisi kidogo, mimi nitamtetea mnyonge anayegunwa: lenzi ya 55-250 IS STM iliyotolewa mwaka 2013. Ina uzito wa gramu 375, ina kitulizo, na inapiga kitu kilicho sentimita 85 tu, hata ukampata chozi kwenye ua. Ile 75-300 ya mwaka 1999 ina gramu 480, haina kitulizo, na haipigi kitu kilicho karibu zaidi ya mita moja na nusu. Je, milimita 50 za ziada zinalipa hasara hiyo? Kwangu mimi hazilipi. Na zile lenzi za kioo za 500 zinazouzwa kwa bei ya kutupa nyingi hulengwa kwa mkono, tundu lake halibadiliki, na kila nuru ya nyuma hugeuka pete. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Lakini wapo watu wa upande wa pili, nao sitawaacha. Hawa ni wenye lenzi nene za kitaalamu, wanaowaambia vijana: "Bila lenzi kama hii, usijisumbue, weka akiba kwanza." Lenzi ya 600 ya wataalamu ina uzito wa kilo 3 hivi, na bei yake ikiwa mpya hupita dola 10,000. Mwalimu wa shule ya msingi aweke akiba mpaka lini? Ushauri huo una sura ya busara, lakini maana yake ni kwamba maskini asitazame.

Hapo ndipo jambo hili linapoacha kuwa la vyombo tu. Tanzania ina aina zaidi ya 1,100 za ndege. Muulize mtoto wa darasa la tano akutajie kumi walio katika kiwanja cha shule yake, wengi watataja kunguru na njiwa, kisha "kale kadogo." Picha nyingi za ndege na wanyama wetu zimepigwa na wageni, wakaondoka nazo. Mwalimu mwenye lenzi ya kawaida anaweza kubandika ukutani kwera, chozi na mdiria wa kijijini pale pale, na mtoto akajifunza majina yao. Picha hiyo haihitaji milimita 600. Inahitaji mtu aliyepo pale kila siku.

Basi kijana, ukienda kununua, uliza maswali kwa mpangilio huu. Inaingia na kufanya kazi kwenye kamera yangu? Ina kitulizo? Inalenga upesi? Namba iwe ya mwisho. Ikiwa ni ya mtumba, imulike ndani kwa tochi. Ukiona nyuzi kama za buibui, hilo ni kuvu, ambalo hupenda unyevu wa mwambao, na usilinunue kwa bei yoyote. Ipige picha dukani ikiwa imevutwa hadi mwisho, kisha ikuze picha hiyo uitazame. Muuzaji akikasirika, ondoka.

Ukishaipata, amka mapema, kabla jua halijachemsha hewa ya mbugani ikaanza kucheza mbele ya lenzi. Hewa hiyo huharibu picha ya lenzi ya bei yoyote, na hapo tajiri na maskini huwa sawa.