Wasee wa Elgon View, huo mtaro wa faiba unaua miti yenu polepole

Ukitembea Elgon View siku hizi, angalia chini kabla uangalie juu. Juu kuko fiti, matawi yamefunika barabara na bei ya ploti inapanda juu ya hicho kivuli. Chini ndiko kuna ngori. Tangu Eldoret ipewe hadhi ya jiji tarehe 15 Agosti 2024, kila mtu anataka kuishi karibu na mabuda. Boma iliyokuwa ya familia moja inageuka apatimenti, na apatimenti inataka maji, inataka laini ya maji taka, inataka faiba. Paipu ya zamani inahamishwa, mpya inaingia. Na zote zinapita mahali pamoja, kwenye ule ukanda kati ya ukuta na lami. Hapo ndipo miti ilipandwa.

Hii risto naijua juu nimeshika sururu. Nilipoachana na chuo, kabla nianze kuandika, nilichimba mitaro miezi mitatu hapa hapa Sisibo. Tulikuwa tunalipwa kwa mita. Sasa fikiria ni saa nane, mvua imeanza kunukia, na umegonga mzizi mnene kama paja lako. Ukichimba kuuzunguka kwa mkono, saa nzima imeenda na nyapara amekukazia macho. Ukiupiga shoka, dakika tano umeendelea. Unadhani tulifanya nini? Tulikata, tukafukia, tukasonga. Mti ukabaki umesimama na majani yake kijani, na sisi tukaona kama hakuna kitu tumefanya.

Hapo ndipo mti hukudanganya. Hauanguki siku hiyo.

Watu wengi hudhani mizizi inashuka chini moja kwa moja kama karoti. Zii. Mizizi mingi iko kwenye sentimita 60 za juu, juu hapo ndipo kuna hewa na maji, na inaenea mbali kupita hata ncha za matawi. Kwa hivyo mtaro ukipita kando ya shina, umeunyang'anya mti karibu kila kitu ulichokuwa nacho upande huo, chakula na pia kamba za kuushikilia. Unaweza kuchukua miaka kadhaa ndiyo uanze kukauka kutoka juu. Ama usikauke, uangukie gari ya mtu siku ya upepo. Wakati huo aliyechimba alishalipwa kitambo na hakuna anayekumbuka mtaro. Mti utaitwa mzee, na jirani mwoga ataleta msumeno kumaliza hata ile mizima.

Na si eti dawa haipo. Kuna mashine za kompresa zinazopuliza udongo kwa hewa, udongo unatoka na mzizi unabaki. Kuna kutoboa chini kwa chini, paipu inapita chini ya mizizi bila mtaro. Sawa, hizo ni pesa ndefu. Lakini hata jembe linaweza: chimba kwa mkono, mizizi minene iache, pitisha paipu chini yake, ifunike na magunia yenye maji isikauke, halafu rudisha udongo haraka. Hakuna sayansi ya roketi hapo, ni muda tu.

Uingereza, makampuni ya laini za chini ya ardhi yana mwongozo ambao hata mimi na hesabu zangu za kuokoteza naelewa. Pima mzingo wa shina, mita moja na nusu kutoka ardhini, zidisha mara nne. Mti wenye mzingo wa mita 1.5 unakupa mita 6 kila upande. Ndani ya hapo, mashine ya kuchimba haifanyi kazi. Mita moja kutoka kwa shina, usichimbe kabisa. Na mzizi wowote unaozidi milimita 25, yaani kama kidole gumba, haukatwi kabla mtaalamu wa miti auone.

Utaniambia hiyo ni ya wazungu. Basi kumbuka ule mugumo wa Waiyaki Way, Westlands. Mwaka wa 2020 ulikuwa ung'olewe kupisha Nairobi Expressway. Watu wakapiga kelele, na Novemba hiyo Rais Uhuru Kenyatta akaagiza usiguswe. Mti wa miaka zaidi ya 100 ukabaki, barabara ya kilomita 27 ikajengwa. Kama barabara kubwa hivyo iliweza kusonga, paipu ya maji inashindwa aje?

Shida ni kwamba mti wa Elgon View hautapata amri ya Rais. Utapata karatasi ya idhini. Barabara za kaunti ziko chini ya kaunti kwa Katiba ya 2010, kwa hivyo Uasin Gishu inaweza kuandika kwenye idhini kwamba karibu na mti watu wachimbe kwa mkono na walipwe kwa siku. Bila hiyo ya pili, ya kwanza ni story tu. Kijana mwenye njaa anayelipwa kwa mita atakata mzizi, nakuambia nikiwa yeye.

Kwa hivyo ukiona wasee wamekuja kuchora njia na rangi nje ya geti yako, toka na kamba. Pima shina, zidisha mara nne, waonyeshe mpaka. Halafu uliza nyapara swali moja: hawa vijana wanalipwa kwa mita ama kwa siku?