Mfuniko kwanza, rangi baadaye

Makala hii ya kuchagua konokono wa tangi la kioo imenifaa, ila mwandishi amekazania rangi ya gamba na kuusahau mfuniko, kile kibamba kigumu kinachoziba mlango wa gamba. Konokono mzima ukimgusa hujivuta ndani na kujifungia. Akining'inia nje tu bila kurudi, mwache hapo hapo dukani. (Wapo wasio na mfuniko kabisa, hao watazame wanavyotambaa kwenye kioo.) Mnuse pia. Aliyekufa hunuka vibaya mno, hutahitaji kumuuliza mtu. Gamba lenye vishimo au lililochujuka mara nyingi limeliwa na maji yenye asidi na uhaba wa chokaa. Ufa mdogo ukingoni si neno, hujiziba pH ikizidi 7 na akipewa kipande cha mfupa wa ngisi. Muulize muuzaji kama ametia dawa yenye shaba, maana shaba huwaua.

Na wewe uliyeshauri hapo juu tuokote wa bure mitaroni, tafadhali! Baadhi ya konokono wa maji baridi hubeba vimelea vya kichocho. Mliowachoka nao msiwatupe mtoni: waulizeni wakulima wa mpunga wa Mwea, Kenya, kilichowapata tangu konokono wageni waonekane mashambani mwaka 2020.